Twahara Yetu Inaishia Wapi?



Wazee wetu wa Kibajuni husema kwamba jina la mji wa Kismayu limetokana na kisima: kisima cha juu, au kisima-yuu kama tusemavyo sisi. Wasomali huuita Kismaayo, ramani nyingi zinaandika Kismayo, na wala sikukusudia kubishana na mtu kuhusu asili ya jina. Ninachokipenda katika maelezo ya wazee ni kwamba mji mzima umeitwa kwa jina la maji matamu. Nahodha aliyetoka visiwani alikuwa na maji pande zake zote, lakini hakuna hata tone alilokuwa akiweza kunywa. Alipoona pwani ile alikumbuka kisima.

Nataka kuzungumza nanyi kuhusu maji hayo, na kuhusu swali moja ambalo limenikaa kooni tangu likizo niliyoitumia kule. Swali lenyewe ni hili: maji yakishanitoka mimi, bado ni yangu? Twahara ninayoisoma katika vitabu vya fiqhi tangu madrasa inaishia kwenye mwili wangu, nguo yangu na mahali ninaposalia, au inayafuata maji mpaka huko yanakokwenda?

Mimi nilizaliwa Mombasa. Wazazi wangu walitoka Chovai, mojawapo ya visiwa vya Wabajuni, baada ya serikali ya Somalia kuanguka mwaka 1991. Visiwa hivyo, pamoja na Koyama, Chula na vyenginevyo, vimepangana kama shanga sambamba na pwani, kuanzia karibu na Kismayu kuteremka hadi jirani na mpaka wa Kenya. Vimesimama juu ya matumbawe. Maji matamu yaliyomo ndani yake ni yale tu ya mvua yaliyopenya mchangani, nayo hukaa chini kama utando mwembamba ulioelea juu ya maji ya chumvi. Ukichota kwa pupa, chumvi hupanda. Ukimwaga uchafu juu, uchafu hauna mbali pa kwenda. Kwa hiyo watu wa visiwani waliyaheshimu maji si kwa sababu walikuwa wema kuliko wengine, bali kwa sababu kosa lao lilikuwa likiwarudia kabla ya msimu kwisha.

Bibi yangu, Allah amrehemu, alikuja nayo adabu hiyo hadi Mombasa. Mvua ya kwanza ya msimu hakuikinga. Alituzuia tusitoe ndoo, akatuambia tuliache paa lioge kwanza. Mvua ikishanyesha kiasi ndipo mapipa yalipowekwa chini ya mabati. Nilipofika chuo kikuu, darasani kwetu uhandisi wa maji, nikafundishwa jambo lile lile kwa michoro: kwamba maji ya mwanzo ya mvua ndiyo yanayobeba sehemu kubwa ya uchafu uliojilimbikiza juu ya paa na barabara wakati wa kiangazi. Nilifurahi kuona bibi amethibitishwa. Lakini si bibi wala mhadhiri aliyenijibu yale maji ya kwanza, tuliyoyakataa sisi, yanapokelewa na nani.

Jibu nililiona Kismayu, nyuma ya nyumba ya ami yangu. Hapo pana mfereji wa mvua usio na mfuniko. Huko juu unapita gereji ambako oili chafu humwagwa chini na betri za magari hupasuliwa. Unapita wanapolazwa mbuzi wa mnada. Unapita mlango wa nyuma wa wauza samaki. Kisha unapita kwetu na kumwaga mchangani, mahali ambapo watoto huokota chambo na wavuvi huegesha mashua zao. Nilikuwepo masika ilipoanza, mvua ambayo Wasomali huiita Gu. Saa moja ya kwanza maji yalikuwa meusi, na juu yake umetanda ule utando wa oili wenye rangi za upinde wa mvua. Ulipokutana na maji kujaa, ukatandaa ufukweni kote.

Jioni ile tulikuwa tukienda msikitini. Gari likapita, likaturushia maji ya mfereji. Ami akasimama, akainua kanzu yake, akaikagua pindo mpaka pindo. Ni mtu mwenye elimu, na alinieleza pale pale kwamba wanavyuoni wetu wa Kishafi wamelisamehe tope la njiani likiwa dogo, kwa sababu ni taabu kujikinga nalo. Tukaenda kusali. Katika safu moyo wangu haukutulia. Matone matatu ya maji yale juu ya kanzu ya mtu mmoja yalikuwa na mlango wake katika fiqhi, yana hukumu na msamaha wake. Mfereji mzima ulioingia baharini, juu ya chambo, mashua na mikono ya watoto, hakuna aliyeuliza hukumu yake.

Msinifahamu vibaya. Sisemi kwamba dini yetu haikusema kitu. Imesema, tena kwa ukali. Mtume (S.A.W.) alitahadharisha juu ya kukidhi haja mahali watu wanapochota maji, katikati ya njia na kwenye kivuli, na akayahesabu hayo kuwa ni mambo yanayomletea mtu laana. Tazameni mahali penyewe palipotajwa. Hakuna hata pamoja panapomdhuru mfanyaji. Yeye ameshaondoka, ametahirika, huenda na udhu ameshatia. Anayedhurika ni yule ajaye baada yake, ambaye hawajuani. Maana yake ni kwamba sheria inamwangalia yule ajaye. Sisi ndio tuliolifanya somo la twahara kuwa somo la kujisafisha wenyewe tu.

Basi nikaamua kufanya kitu. Nilikuwa nimesoma kwamba mabaki ya shambani yanaweza kuchuja maji ya mvua yaliyochafuka, na Kismayu mabaki hayo hayakosekani. Bonde la Juba liko nyuma ya mji, na mto wenyewe unaingia baharini Goobweyn, si mbali. Huko hulimwa mahindi, ufuta na ndizi. Sokoni palikuwa na chungu ya magunzi ya mahindi yaliyopukuchuliwa. Makumbi ya nazi na vifuu niliwaomba wauza madafu, wakashukuru kuondolewa.

Niwaeleze kwa ufupi jinsi kazi inavyokwenda, maana mwanafunzi hapaswi kuhubiri jambo asiloweza kulieleza. Usumba, zile nyuzi za makumbi, una uso mkubwa na mkwaruzo. Mchanga na tope hunasa humo, na oili hushikamana na nyuzi kuliko inavyopenda kubaki majini. Ndani ya mimea pia mna sehemu zinazovuta madini kama risasi, zinki na shaba zikapata kushika, kama sumaku inavyoshika misumari. Na vifuu au magunzi yakichomwa bila ya hewa nyingi hugeuka mkaa wenye vitundu vidogo visivyohesabika, na sumu nyingi hujificha katika vitundu hivyo. Hili si jambo geni duniani. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia mkaa wa vifuu vya nazi ulitiwa katika barakoa za askari ili kunasa gesi ya sumu, na vifuu vilipopungua, mwaka 1918 Wamarekani waliombwa wakusanye kokwa za pichi na maganda ya njugu badala yake. Hadi leo mkaa wa vifuu hutumika katika machujio ya maji ya majumbani. Huko Sudan, wanawake wa kando ya Nile wamekuwa wakitumia mbegu za mlonge zilizotwangwa kutuliza tope la maji kabla ya kuyatumia.

Lakini yapo na mapungufu yake, nayo lazima yasemwe. Chujio la namna hii haliui vijidudu kwa uhakika, kwa hiyo maji yake si ya kunywa. Somalia ilipopigwa na kipindupindu mwaka 2017, zaidi ya watu elfu 75 waliugua, na makumbi yasingelikuwa dawa ya jambo lile. Tena makumbi mabichi hutoa rangi ya hudhurungi, nayo yakikaa majini huoza. Na chujio hujaa. Likishajaa, maji hupita kama kwamba halipo.

Nikashona mifuko kwa nyavu kuukuu alizonipa ami, nikaijaza makumbi yaliyooshwa na magunzi, na mengine mkaa wa vifuu niliouchoma mwenyewe ndani ya debe. Mbele nikaweka kokoto za kuzuia takataka kubwa. Vijana wa mtaani walinisaidia kuipanga kwenye mfereji. Mvua iliyofuata nikakinga maji katika chupa mbili, moja juu ya chujio na moja chini yake. Ile ya juu ilikuwa nyeusi na ina utando. Ya chini ilikuwa na rangi ya chai nyepesi, bila ya utando wala harufu ya oili. Sikuwa na maabara ya kupimia, kwa hiyo sidai zaidi ya macho na pua yangu. Hata hivyo nilisimama pale na chupa zangu mbili nikiona nimefanya ibada.

Baada ya mvua kadhaa mifuko ikajaa. Nikaitoa, nikamwaga makumbi yale meusi kando ya mfereji yakauke, nikatia mengine. Nikaenda zangu kulala.

Asubuhi hayakuwepo.

Nilifuata nyayo, kwa kuwa haikuwa mbali. Kando ya mtaa wetu kuna vibanda vya watu waliohama makwao kwa ukame na mafuriko ya bondeni. Mbele ya kibanda kimoja mama mmoja alikuwa akipika uji wa watoto, na kuni zake zilikuwa makumbi yangu. Moshi ulikuwa mweusi mzito. Mtoto mdogo amekaa karibu na jiko, akikohoa.

Nilipojaribu kusema naye, nikagundua kwamba ni Mzigua wa Juba, katika wale ambao mababu zao walitoka upande wa Tanga karne ya 19 na lugha yao ikabaki. Kiswahili changu na Kizigua chake vikaelewana nusu kwa nusu, na nusu nyengine ami akaitafsiri kwa Kisomali. Nikamweleza kuwa makumbi yale yana sumu. Akaniuliza swali moja tu: kama yana sumu, kwa nini uliyaweka njiani?

Ndugu zangu, sikuwa na jibu. Risasi ya betri na oili ya gereji nilikuwa nimezitoa kwenye maji ya bahari nikaziweka kwenye pafu la mtoto. Lau nisingelifanya chochote, sumu ile ingalikwenda ikazimuka baharini. Mimi niliikusanya, nikaikoleza, nikaikausha, nikaiacha mlangoni kwa maskini, tena nikajiona mwema.

Katika kanuni za fiqhi tunazozisoma iko moja ambayo nilikuwa naijua kwa moyo tangu kidato cha pili: kwamba madhara hayaondoshwi kwa madhara mfano wake. Nilikuwa nikiielewa kama kanuni ya mahakamani, watu wawili wanapogombania ukuta. Siku ile niliielewa kwa moshi. Karibu kila tunachokiita usafi ni kuhamisha. Tunafagia nyumba, taka zinakwenda njiani. Tunafagia njia, zinakwenda mferejini. Tunazibua mfereji, zinakwenda baharini. Kila hatua kuna mtu anayepumua akasema alhamdulillahi pamesafika, na kuna mwengine mbele yake ambaye ndiyo kwanza zinamfikia. Hakuna chujio duniani linalofuta uchafu. Chujio hufanya jambo moja: huuzuia uchafu usiende, likakukabidhi wewe mkononi. Tangu hapo ni amana yako.

Hapa ndipo lilipo jibu la swali langu la mwanzo, kwa kadiri ya fahamu yangu, na wenye elimu wanisahihishe. Maji yakishanitoka bado ni yangu, maadamu ndani yake kuna kitu nilichokitia mimi. Umiliki wa maji unaweza kuniondokea, lakini dhamana ya madhara hainiondokei. Na ninapochuja dhamana hiyo haipungui, inazidi kuwa wazi, kwa sababu zamani niliweza kusema sijui uchafu umekwenda wapi, na sasa ninajua: umo ndani ya mfuko huu.

Mwaka 1978 wanavyuoni wakuu wa Saudi Arabia waliulizwa kuhusu maji machafu yaliyosafishwa mitamboni. Wakajibu kwamba yakisafishwa mpaka ladha, rangi na harufu ya najisi visibaki, basi yamerudi kuwa twahara. Ni jibu la maana, nalo limewafaa Waislamu katika nchi kavu. Lakini mwaliona swali lenyewe lilivyokaa: limeuliza kuhusu maji yaliyotoka safi. Upande wa pili wa mtambo pana tope lililobaki, na hilo nalo lina mahali linapokwenda na watu wanaoishi hapo. Nadhani kizazi chetu ndicho kitakachopaswa kuuliza swali hilo la pili kwa bidii ile ile.

Najua yatakayosemwa kunipinga, kwa sababu nimeyasikia kwa marafiki tulipokuwa tukinywa chai bwenini.

La kwanza husemwa kwa uchungu, nami nauheshimu uchungu huo. Pwani ya Somalia ilipokosa serikali, meli za kigeni zilikuja kuvua bila ruhusa, na habari za taka za sumu kutupwa katika bahari ile zilienea hata zikatajwa katika ripoti ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa mwaka 2005. Rafiki yangu mmoja akaniambia: wakubwa wamefanya bahari yetu jalala, nawe unahangaika na makumbi katika mfereji wa kichochoro? Ninamjibu kwamba dhulma ya mwenzangu ni hoja mbele ya mahakama yake, si ruhusa yangu. Tena kinachotuudhi katika habari zile ni nini hasa? Ni kwamba mtu alijisafishia kwake, akatupa kwetu, kwa kuwa alituona hatuna wa kututetea. Basi mimi nilipoacha makumbi yale karibu na vibanda nilitofautiana naye kwa ukubwa wa chombo tu.

La pili linasema kwamba maskini hawalaumiwi. Ni kweli, nami simlaumu mama yule hata kidogo. Asiye na kuni huokota kuni. Mwenye gereji asiye na mahali pa kupeleka oili chafu humwaga. Mifereji, jalala salama na vyoo ni kazi ya wenye mamlaka, na makumbi yasigeuzwe kuwa kisingizio cha kuwaacha watu bila mifereji ya haki. Ninaogopa sana siku ambayo mtu atasimama jukwaani aseme: hawa hawahitaji mabomba, wana makumbi yao. Lakini hii ndiyo maana ya fardhi kifaya. Likikosa wa kulitenda, dhambi humwenea kila aliyeweza. Mwenye mamlaka ana fungu lake kubwa, na mimi niliyesomeshwa kuhusu maji nina langu, dogo, ambalo hakuna atakayeulizwa badala yangu.

La tatu ndilo lililonitikisa zaidi. Linasema: basi ingalikuwa bora usifanye kitu, kwani ulipoingilia ndipo mtoto akavuta moshi. Wengi wetu tunaishi kwa hoja hii bila ya kuitamka. Tunaogopa kukosea katika kutenda, wala hatuogopi kukosea katika kuacha. Lakini mnakumbuka mfano alioupiga Mtume (S.A.W.), uliopokewa na Bukhari, wa watu waliopanda chombo kimoja, wengine juu na wengine chini. Wa chini walikuwa wakipanda kuteka maji, wakaona wanawasumbua wa juu, wakasema heri watoboe tundu katika sehemu yao wenyewe. Sisi watu wa pwani tunausikia mfano huu kwa masikio mengine, maana tunajua sauti ya maji yanapoingia ndani ya chombo. Nia ya wale wa chini ilikuwa njema: hawakutaka kumuudhi mtu. Kasoro yao ni kuamini kwamba kuna sehemu ya chombo ambayo ni yao peke yao. Na wa juu hawakuambiwa waseme si kazi yetu. Wokovu wa wote ulikuwa katika kuzuia mkono. Mimi nilikuwa kote kuwili: kwa mfereji nilikuwa mtu wa juu aliyejaribu kuzuia, na kwa makumbi nilikuwa wa chini mwenye shoka na nia njema. Dawa ya hali hiyo haikuwa kukaa tu, bali kufanya kazi hadi mwisho wake.

Kwa hiyo tukaanza upya, na safari hii nilianza kwa yule mama. Ami alinituma nikamwombe msamaha kwanza, kabla ya kumwambia lolote, nikaenda. Kisha tukapatana. Wauza madafu walikuwa wakitupa makumbi mengi kuliko mfereji ulivyohitaji. Makavu, masafi, ambayo hayajagusa maji ya mfereji, nikamletea yeye awe anawashia. Yeye akakubali kuangalia mifuko, kwa kuwa yuko hapo kutwa, na kutujulisha inapojaa. Wiki ya pili alikuwa ameshatutengeneza kuliko tulivyojitengeneza wenyewe. Alituambia tusiweke magunzi mbele, kwa kuwa mbuzi wanayavuta. Alimwendea mwenye gereji, akamwambia maneno ambayo ami alikataa kunitafsiria, na oili ikaanza kuwekwa kwenye dumu. Dumu lile moja lilizuia uchafu kuliko mifuko yangu yote, na hilo nalo ni somo: kuchuja ni kwa kilichoponyoka, lakini kwanza zuia kisimwagike.

Yakabaki yale makumbi machafu. Kuyachoma tumeona. Kuyafukia mchangani ni kuyarudisha kwenye visima, kwani pale ukichimba kidogo tu unapata maji. Kuyatia shambani yawe mboji ni kuilisha mihogo risasi. Jalala la kuhifadhi taka za sumu mtaani petu hapana. Tukayakausha juu ya bati, tukayashindilia ndani ya mapipa ya chuma yenye mifuniko, tukayaweka chini ya paa katika ua wa ami yangu. Nilipoondoka kurudi chuoni yalikuwa mapipa matatu.

Sijivunii mapipa yale. Si ufumbuzi, ni deni lililoandikwa. Lakini nimejifunza kuliheshimu deni lililoandikwa kuliko lililosahauliwa. Sumu ile kabla ya hapo ilikuwa deni la watu wote, kwa hiyo haikuwa ya yeyote. Sasa iko uani, ina mfuniko, ina mwenyewe, na kila Ijumaa ami anapotoka kwenda msikitini na kanzu yake nyeupe anaipita.

Ndugu zangu, sote hapa chuoni tunasomea jambo. Wako watakaokuwa madaktari, wahandisi, walimu, wanasheria, wafanyabiashara. Kila kazi ina mfereji wake wa nyuma ya nyumba, mahali ambapo mabaki ya kazi njema huenda, na mara nyingi aliyekaa mwisho wa mfereji huo ni mtu asiyejua jina letu. Tunapojifunza masharti ya twahara tusisite kwenye swali la kama mimi nimesafika. Tuulize na la pili: je, usafi wangu umempitia nani?

Siku ninaondoka, ami alinisindikiza hadi getini. Nilimwahidi kuwa nitapiga simu, nitatuma vitabu, nitarudi likizo. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akaniwekea mkono begani, akageuka kuyatazama mapipa.

"Mwanangu," akasema, "soma kwa bidii. Ukimaliza, uje uyachukue haya."

Nikamwambia: "Inshallah, ami."

Akatikisa kichwa. "Usiniambie inshallah ya kuagana. Niambie inshallah ya kurudi."

Tumwombe Allah (S.W.) atupe elimu yenye manufaa, atusamehe yale tuliyowatupia wenzetu bila ya kujua, na atupe nguvu za kulipa kila tulilolikusanya. Wabillahi tawfiq.